Mtoki usioshuka, dripu kumi na mbili na mitihani ya chuo

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 21, nasoma uhandisi mwaka wa pili. Nilipata mtoki shingoni, hauumi. Nikaanzishiwa dozi ya TB ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Miezi miwili imepita, uvimbe umekua, na usiku natoa jasho mpaka shuka linalowa. Wakakata kinyama, majibu yanasema ni limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Nina rufaa ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mitihani ya muhula imebaki wiki tano na mzee anasema niimalize kwanza. Nifanyeje? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, na pole sana. Mzee ana uchungu wa ada aliyolipa, lakini mpango wake usifuatwe. Mtihani ulioukosa kwa ugonjwa hufanywa baadaye kama mtihani maalumu, mradi barua iwe imefika chuoni kabla. Wiki tano nazo hazibaki tano: ikifika likizo, safari, foleni ya vipimo, utajikuta umeingia mwezi wa tatu wa kusubiri. Ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au uso ukivimba asubuhi, usingoje hata tarehe ya rufaa. Uvimbe wa kifuani unaweza kuwa unabana njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu. Hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo.

Kabla hujapanda basi, rudi maabara ilikosomwa kinyama chako. Omba ripoti yenye muhuri, vioo vya darubini vilivyosomwa, na kile kipande chenyewe kilichogandishwa kwenye nta. Watu wengi husafiri na karatasi tu, kisha huko waendako mabingwa wanataka kuongeza vipimo vya kuthibitisha aina ya seli, nta iko Mbeya, na wiki mbili zimeondoka. Wakilazimika kukata upya, ni bora kitolewe kitezi kizima, kwa sababu maji yanayovutwa kwa sindano nyembamba mara nyingi hayatoshi kutambua ugonjwa huu: seli zenye saratani ni chache mno, zimetawanyika katikati ya seli za kawaida. Kinyama kiingizwe papo hapo kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, nayo iwe kama mara kumi ya ujazo wake. Kikisafirishwa kwenye kichupa kilichojaa nyama na formalini kidogo, cha katikati huoza na majibu hurudi "haisomeki".

Dawa za TB usizikate mwenyewe. Mitoki ya TB na ya limfoma hufanana sana, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Beba kadi yako ya TB na uionyeshe, maana rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, hulifanya ini livunje haraka baadhi ya dawa nyingine, ikiwemo mojawapo ya zile utakazopewa.

Huko utapigwa picha ya CT ya shingo, kifua na tumbo ili ijulikane ugonjwa uko hatua ya ngapi. Utapimwa damu, ini, figo, VVU na homa ya ini B, na moyo utapigwa ultrasaundi. Mpango unaotumika sana duniani tangu miaka ya 1970 una dawa nne kwenye dripu: doksorubisini, bleomisini, vinblastini na dakabazini. Mzunguko mmoja ni siku 28 wenye dripu mbili, siku ya 1 na ya 15. Ugonjwa ulioenea huweza kuhitaji mizunguko sita, yaani dripu 12 kwa karibu miezi sita. Wa hatua za mwanzo huwa na mizunguko michache, mara nyingi na mionzi juu yake. Vijana wengi hupona kabisa, hata waliofika hatua ya nne, na ndiyo maana tunasisitiza dripu isirukwe.

Dawa nyekundu ni doksorubisini. Mkojo ukitoka mwekundu siku hiyo na inayofuata, si damu. Hiyo na vinblastini huunguza nyama zikivuja nje ya mshipa, kwa hiyo ukihisi moto au ukiona panavimba pale kwenye kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, mwite nesi hapo hapo, usivumilie kwa heshima. Dakabazini huharibiwa na mwanga, ndiyo maana mfuko wake hufunikwa. Vinblastini hufunga choo: kunywa maji ya kutosha, kula papai, na uombe dawa ya kulainisha mapema, sio siku ya nne. Kikohozi kikavu kipya au pumzi fupi mwambie daktari kabla ya dripu inayofuata, kwani bleomisini inaweza kuumiza mapafu.

Jambo linaloua wanafunzi hosteli ni homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane usiku. Pesa ya bajaji iwe imetengwa. Usimeze panadoli kwanza, inaficha homa. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: daktari wa zamu anapima malaria, anaandika dawa, anakurudisha. Beba kadi iliyoandikwa: "Natumia dawa za saratani, dripu ya mwisho tarehe fulani. Naomba kipimo cha chembe za damu na antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja." Hata malaria ikionekana, hiyo antibiotiki bado inahitajika.

Kuhusu chuo: kwa uhandisi wenye karakana, na Mbeya hadi Dar kila wiki mbili, sisi tungeahirisha mwaka. Andika barua kwa mkuu wa idara, ambatanisha ripoti ya daktari, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukiondoka kimyakimya utahesabiwa mtoro, na huko ndiko kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kunakoanzia. Mjulishe afisa mikopo pia. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, kwa kawaida husimama ukiahirisha, lakini jina lisiandikwe kwamba umeacha masomo. Na kabla ya kusaini chochote uliza: bima iliyolipiwa kupitia chuo itaendelea? Ikikatika katikati ya dripu ya tano utaijutia saini hiyo. Penye upungufu, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, sio baada ya deni.

SWALI: Nina miaka 23, naanza dripu hizo hizo wiki ijayo. Nitazaa? – Kijana, Dodoma

JIBU: Kwa dawa hizi nne wengi uzazi hurudi, tofauti na mipango mingine mikali zaidi. Lakini hakuna wa kukuahidi. Kama kuna kliniki ya uzazi inayogandisha mbegu unayoweza kuifikia na kuimudu, nenda kabla ya dripu ya kwanza. Baada ya hapo mbegu huwa zimeguswa na dawa. Wakati wa matibabu tumia kondomu, na mimba isubiri mpaka daktari aruhusu.

SWALI: Rumeti wangu anatibiwa saratani. Inaambukiza? Nimsaidie nini? – Asiyetaka jina, Arusha

JIBU: Haiambukizi. Kuleni sahani moja, ila kachumbari na juisi ya miwa ya barabarani aviache kwa sasa. Kwa siku mbili baada ya dripu amwage maji chooni mara mbili, na matapishi yake uyasafishe ukiwa na glavu. Mwombe apangiwe dripu Alhamisi au Ijumaa, ili siku za kichefuchefu ziangukie wikiendi, nawe umpigie picha za notsi. Ukipata mafua au tetekuwanga, kalale chumba kingine mpaka upone.