Kumtafuta mwanamke mlowezi wa Oregon: shika jina la kwao

Anayemtafuta mwanamke aliyekwenda Oregon, magharibi mwa Marekani, kwa gari la maksai katika karne ya 19 hukwama karibu kila mara kwenye ndoa yake. Kabla ya kuolewa ana jina la baba, baada ya hapo ana la mume, na nyaraka nyingi hazikuambii kwamba huyo ni mtu yuleyule. Kwa hiyo unachokitafuta hasa ni karatasi moja yenye majina yote mawili.

Mchukue Abigail Scott Duniway, aliyekuja kusifika kwa kupigania haki ya wanawake kupiga kura. Alizaliwa Groveland, Illinois, tarehe 22 Oktoba 1834. Mwaka 1852 familia ilishika njia ya Oregon, na mama yake akafia safarini. Mwaka 1853 Abigail akaolewa na Benjamin Duniway. Basi katika sensa ya 1850 mtafute Illinois kwa jina la Scott, na ya 1860 mtafute Oregon kwa jina la Duniway. Mama usimtafute Oregon kabisa, hakufika.

Anzia kifoni urudi nyuma. Sensa ya 1900 ni hazina kwa wanawake: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, idadi ya watoto aliowazaa na wangapi bado hai. Akiwa na miaka 20 ya ndoa huku mtoto mkubwa ana miaka 26, huenda kulikuwa na mume mwingine kabla, au mtoto ni wa marehemu mke wa kwanza. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kutokana na moto wa 1921 katika jiji la Washington, kwa hiyo unaruka hadi 1880, ambayo inaeleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Zile za 1850, 1860 na 1870 hazielezi. Hapo ndipo watu wengi huharibu ukoo: wanamwona mwanamke chini ya jina la mwanamume, na watoto watano chini yake, wanaandika “mama yao”. Anaweza kuwa mama wa kambo, shangazi, hata dada mkubwa. Kabla ya 1850 kwa kawaida anatajwa mkuu wa kaya tu. Wengine ni tarakimu.

Kwa Oregon, faili za ardhi ndizo zenye utajiri. Sheria ya Septemba 1850 ilimpa mwanamume asiye na mke ekari 320, na mume na mke ekari 640, nusu ikiwa mali ya mke mwenyewe. (Ardhi hiyo iligawiwa kabla wenyeji wa asili hawajakubaliana na serikali juu yake, na mtafiti mwaminifu ataliandika hilo pia.) Waliofika baadaye, hadi 1855, walipata nusu ya vipimo hivyo. Kwa kuwa ekari za mke zilitegemea ndoa, mlowezi alilazimika kuithibitisha, ndiyo maana faili nyingi zina tarehe na mahali pa harusi. Usitosheke na hati ya umiliki inayoonekana mtandaoni. Hiyo ni karatasi ya mwisho tu. Viapo vimo ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo agiza nakala ya faili zima kutoka hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Marekani. Mume akiwa alipigana vita na kufa kabla yake, omba pia faili la pensheni ya mjane, kwa sababu naye alitakiwa kuthibitisha ndoa.

Majina yanapotea kwa njia nyingine pia. Polly mara nyingi ni Mary, Sally ni Sarah, Patsy ni Martha, Betsy ni Elizabeth. Duniway inaweza kuandikwa Dunaway au Dunway, kwa hiyo usitegemee faharasa. Fungua picha ya ukurasa na usome kaya kumi juu na kumi chini. Ndugu walisafiri pamoja na kulima jirani.

Jina la kwao likigoma kabisa, tafuta vyeti vya vifo vya watoto wake waliofariki katika karne ya 20, maana vingi vina nafasi ya jina la mama kabla ya kuolewa. Soma vya watoto wote, si kimoja: aliyetoa taarifa mara nyingi alikuwa mkwe au mjukuu ambaye hakuwahi kumwona bibi huyo.