Mwalimu, wanafunzi wangu wanasimulia tu, hawachambui

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi Mtanzania, nasomea PhD huku Marekani na chuo kimenipa madarasa mawili ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Kuna asaimenti ya uchambuzi wa balagha, yaani mwanafunzi aeleze msemaji anamshawishi vipi msikilizaji. Nikachagua podikasti ya kipindi cha redio cha Marekani, This American Life, ya Julai 2015, ile ya mwandishi wa habari Nikole Hannah-Jones kuhusu kuchanganya watoto weusi na weupe shuleni. Wamesikiliza wote, wengine wamelia kabisa, lakini insha zilivyokuja ni hadithi tupu, hiki kikatokea, kisha kile, mwisho eti ethosi (msemaji kuaminika) ipo, pathosi (kugusa hisia) ipo, logosi (hoja na ushahidi) ipo. Halafu darasani wanafunzi weupe wamenyamaza kimya, na kuna binti mweusi mmoja ambaye kila nikiuliza swali wote wanamgeukia yeye. Nimekosea kuchagua au nakosea kufundisha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuchagua hujakosea hata kidogo, ile podikasti nimeifundisha mwenyewe semesta kadhaa na bado nikifika pale kwenye mkutano wa wazazi mwili unasisimka. Kwa ajili ya wasomaji wengine niseme kwa ufupi inahusu nini, manake ukisema shule ya mchanganyiko kwetu mtu anaelewa wavulana na wasichana, kumbe hapa ishu ni rangi. Kuna wilaya ya shule inaitwa Normandy, pembeni ya St. Louis, Missouri, wanafunzi karibu wote weusi, ndiko alikomaliza Michael Brown, yule kijana aliyeuawa na polisi Ferguson Agosti 2014. Mwanzoni mwa 2013 wilaya ikapoteza ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwamba shule zake zinafikia viwango, na sheria ya jimbo inasema hilo likitokea watoto wanaruhusiwa kuhamia wilaya nyingine na Normandy ndiyo ilipe. Normandy ikaamua basi zake ziende Francis Howell, wilaya yenye weupe wengi, umbali wa kama kilomita 50, na kwa jumla watoto kama 1,000 wakahama Normandy kwenda wilaya mbalimbali. Kabla shule hazijafunguliwa wazazi wa Francis Howell wakaitwa mkutano, ukumbi ukafurika, na sauti za mkutano ule zimo ndani ya podikasti.

Sasa tatizo lako. Unakumbuka fasihi ya kidato cha nne? Unapewa shairi, unaandika tashbiha ipo ubeti wa pili, takriri ipo ubeti wa nne, unapata maksi zako na shairi lenyewe hujalielewa hata chembe. Wanafunzi wako wanafanya hivyohivyo, wamebadilisha majina tu wakaweka ya Kigiriki ya Aristotle. Wamepewa orodha na wao wanatafuta vya kuijaza. Mi ningeyaondoa hayo maneno matatu kwa wiki mbili za kwanza, yasitajwe kabisa, na badala ya podikasti nzima ya saa moja ningewapa dakika mbili. Dakika mbili tu, wavae hedifoni, wasikilize mara tatu: ya kwanza bila kuandika kitu, ya pili waandike walipobadilika moyoni, hasira ilipoingia au aibu au huruma, ni sekunde ya ngapi, ya tatu ndo uwape maandishi yake, yapo kwenye tovuti ya kipindi, watafute kilichowabadilisha pale ni nini.

Na dakika mbili zenyewe ni za ukumbini. Kuna mama wa Francis Howell anashika kipaza sauti anawaambia wakuu wa shule kwamba mwezi mmoja ujao atawaletea watoto wake watatu wadogo, anataka kujua, je kutakuwa na mashine za kukagua silaha mlangoni? Hebu ikae hapo hiyo sentensi. Kwa umbo ni swali, lakini haulizi, kwetu tungeiita tashititi, swali ambalo jibu lake muulizaji analo tayari, ndani yake amekwishasema kwamba hao wanaokuja wana silaha, na hajasema weusi hata mara moja. Anaanza na watoto wake watatu, wadogo, kwa hiyo ukimpinga unaonekana unapinga usalama wa watoto. Halafu sikiliza kinachofuata. Makofi. Kwenye karatasi makofi ni neno moja linasomwa linapita, masikioni ni ukumbi mzima unakubaliana, na msikilizaji wakati huo anajua kwamba kwenye viti vya humo humo amekaa mama mweusi wa Normandy na binti yake, mwanafunzi mzuri tu, wanasikiliza yote hayo. Hannah-Jones hakuwa na haja ya kumwita mtu mbaguzi, ameacha makofi yasikike. Huo ni uamuzi wa mtu aliyekaa na rekodi ndefu ya mkutano akachagua wapi akate na wapi aache, na hapo ndipo mwanafunzi anatakiwa afike: nani kaamua, kwa nini hapa, na mimi kimenifanyia nini.

Mwanafunzi wangu mmoja rasimu ya kwanza aliandika "mwandishi anatumia pathosi kwa kuonesha wazazi wenye hasira", tukasikiliza tena pamoja ofisini, laptopu katikati yetu, ya pili akaandika kwamba yeye mwenyewe mwanzoni alikuwa anakubaliana na yule mama, alishtuka aliposikia makofi kwa sababu alijiona ni mmoja wa wanaopiga. Nililia.

Ukitoka hapo ndo uwarudishe kwenye mpangilio wa podikasti nzima. Namba zinakuja mapema, kabla ya ukumbi: mwaka 1971 watoto weusi wa miaka 13 walikuwa nyuma ya weupe kwa pointi 39 kwenye mtihani wa taifa wa kusoma, ilipofika 1988, wakati shule zimechanganywa kuliko wakati wowote, pengo lilikuwa 18. Waulize, ukumbi ungetangulia namba zikafuata ingekuwaje? Ingekuwa hadithi ya watu wenye roho mbaya basi. Zikitangulia namba, msikilizaji keshakubali kwamba dawa ipo, akifika ukumbini anasikia dawa inakataliwa, hasira yake inakuwa nyingine kabisa. Na wasiogope kuzikagua hizo namba, miaka 17 mambo mengi yalibadilika Marekani, sio shule tu, je tumeoneshwa kwamba chanzo ni kuchanganywa au vitu viwili vimetokea pamoja? Mi naamini anachosema Hannah-Jones, naamini sana, lakini mwanafunzi asiyeruhusiwa kuuliza hivyo anajifunza kupiga makofi tu.

Kuhusu ukimya. Wale vijana weupe wanadhani unataka wakiri dhambi, ndo maana wamefunga midomo. Swali likiwa "unaonaje kuhusu ubaguzi" watanyamaza mpaka kengele, likiwa "sekunde ya 40 sauti imefanya nini" watajibu, na wakishajibu hayo ya rangi yanakuja yenyewe kwa sababu yamo ndani ya sauti. Na yule binti mwondolee mzigo leo hii, usisubiri wiki ijayo. Acha maswali ya hewani, kila mtu aandike kwanza dakika tano kisha wasome wawili wawili, na mtafute pembeni umwambie hatarajiwi kusemea watu weusi wote wa Marekani, akitaka kuzungumzia vituo vya kimya na muziki tu azungumzie hivyo.

Na wewe mwenyewe usijifiche nyuma ya ugeni. Hannah-Jones alipandishwa basi akiwa mtoto, Waterloo, Iowa, kwenda shule ya weupe, hicho ni sehemu ya uzito wa sauti yake na lazima darasa lijue. Basi na wewe waambie unatoka nchi ambayo mpaka mwaka wa uhuru, 1961, ilikuwa na shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali na za Waafrika mbali, zikaunganishwa kuanzia 1962. Watakusikiliza tofauti, halafu waulize kwa nini wamekusikiliza tofauti, na hapo ndo sasa ulitaje lile neno ethosi.

Insha yenyewe kurasa tatu zinatosha. Ukishasahihisha za kwanza niandikie, nataka kujua wangapi wameyasikia yale makofi.