Taa Hiyo Izimeni: Majibu kwa Wafuga Kuku wa Nchi za Barafu

Barua za Januari zinafanana kama mayai ya trei moja. Waliouliza "kuku gani bora" bila kusema wanakaa wapi, banda likoje, na kama wanataka mayai au nyama, wajue barua zao bado ziko chini ya rundo.

Mwaka jana nilihamia Edmonton, Kanada, kutoka Nakuru. Ninunue kuku wa aina gani asiyekufa na baridi?

Tazama kichwa kabla ya kuuliza jina. Mwili wa kuku una koti lake la manyoya, lakini upanga wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo viko wazi, ni damu tupu chini ya ngozi nyembamba, na hapo ndipo baridi inapoanzia kula. Leghorn anataga sana, sibishi, ila upanga wake umesimama kama msumeno, na majogoo wake ndio wa kwanza kuumia. Tafuta upanga mdogo uliolala: wa waridi kama wa Wyandotte, wa njegere kama wa Brahma au Buckeye, au ule kifungo cha Chantecler.

Na wewe wa Edmonton huna hata sababu ya kwenda mbali. Chantecler ni kuku wa Kanada. Mtawa wa Oka, Quebec, Bruda Wilfrid Châtelain, aliona kuku wote waliofugwa nchini wametoka nje, akachanganya Cornish, Leghorn, Rhode Island Red, Wyandotte na Plymouth Rock, akawa anachagua kizazi hadi kizazi mpaka akapata kuku mweupe asiye na cha kugandishwa kichwani. Alimtoa hadharani mwaka 1918. Yule wa rangi ya kware alitengenezwa hapohapo Edmonton na J. E. Wilkinson, akakubaliwa rasmi Marekani mwaka 1935. Mtafute huyo.

Brahma ni mzuri, lakini ana manyoya miguuni. Tope likishika hapo usiku, asubuhi amevaa viatu vya barafu. Kama uwanja wako haukauki, mwache.

Shikamoo mwalimu. Nifunge taa ya joto ya wati ngapi bandani? Kuku wangu wanatetemeka.

Marahaba. Hili nimelijibu mara nne msimu huu, na la tano ni hilihili: sifuri.

Kuku mzima ana joto la nyuzi 41 hivi mwilini, na akijifutua manyoya analihifadhi. Kinachomuumiza ni unyevu. Nilijifunza kwa jogoo wangu mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza hapa Minnesota, Marekani, niliziba banda kwa nailoni, kila tundu, nikajiona fundi. Asubuhi ya tatu nikaingia na tochi. Kila msumari uliotokeza darini ulikuwa umevaa kofia ya barafu, na harufu ya kinyesi ikinichoma macho. Ncha za upanga wa jogoo zilikuwa nyeupe kama nta. Siku chache baadaye zikawa nyeusi, ngumu kama mkaa, kisha zikadondoka moja moja. Nje usiku ule ilikuwa nyuzi 18 tu chini ya sifuri, na jirani yangu ambaye banda lake lilikuwa na nyufa juu kama ghala la mahindi hakupoteza hata ncha moja.

Kuku anapumua mvuke usiku kucha, na karibu robo tatu ya kinyesi chake ni maji. Ukimfungia, yote hayo yanarudi kumlalia kichwani. Toboa matundu juu kabisa, pande mbili, yapitishe hewa juu ya vichwa vyao bila upepo kuwapiga wakiwa wamelala. Fito ya kulalia iwe ubao wa inchi mbili kwa nne uliolazwa bapa, ili wakichuchumaa tumbo lifunike vidole. Chini mwaga maranda mengi makavu. Ukiona barafu kwenye misumari, ongeza matundu, hata kama mkeo anasema unawaua.

Sasa taa. Kwanza inachoma mabanda: maranda makavu, vumbi, manyoya, na balbu ya wati 250 inayoning'inia kwa waya. Pili, siku umeme ukikatika usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri, kuku aliyezoea joto hana akiba ya manyoya ya kumvusha. Tatu, na hili hamtaki kulisikia, taa inawaficha wanyonge. Kuku ambaye angekuonyesha Januari kwamba hafai, anakaa chini ya taa amenona, Machi unachukua mayai yake unatotolesha. Miaka mitatu hivyo, una kundi zima la kuku wa taa.

Vifaranga ni habari nyingine. Hao wape joto, nyuzi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza tatu kila wiki mpaka waote manyoya.

Nipake mafuta ya mgando kwenye upanga?

Paka ukipenda kazi. Hayazuii kitu banda likiwa na unyevu, na likiwa kavu huyahitaji.

Maji yanaganda kila saa. Wanaweza kula theluji?

Usiitegemee badala ya maji. Nunua bakuli la mbwa lenye kipasha joto, au bakuli la mpira unaloweza kulipiga chini barafu itoke. Lisiwe pana, maana jogoo anayechovya ndevu kwenye maji atalala nazo zikiwa barafu.

Nina Wyandotte, jogoo mmoja na majike tisa. Kati ya mayai 24 niliyoweka kwenye mashine ya kutotolesha, 11 hayakuwa na mbegu. Mashine ni mbovu?

Afadhali umeyamulika mayai kwa tochi kuona ndani, ukahesabu. Wengi wanaandika tu "mayai yamekataa."

Yai lisilo na mbegu halina kesi na mashine. Kesi ni ya jogoo, na kwa Wyandotte kesi hiyo ni ya zamani. Jogoo aliyerithi upanga wa waridi kwa baba na kwa mama, mbegu zake ni dhaifu. Majike hawana tatizo hilo. Wafugaji wengi kila wakiona kifaranga wa upanga wa msumeno wanamtoa kundini ili "damu iwe safi", na kwa kufanya hivyo wanabaki na majogoo wa aina hiyohiyo dhaifu. Ukipata jike wa msumeno aliyezaliwa na Wyandotte wako, mtunze. Mpandishe kwa jogoo wa waridi. Wanawe wa kiume wenye waridi watakuwa wamerithi upande mmoja tu, na hao wanapandisha vizuri.

Kabla ya hapo, fanya mawili. Punguza kwa mkasi manyoya yanayozunguka tundu la nyuma, kwa jike na kwa jogoo. Kuku hawa ni wanene wa manyoya na tendo halifiki. Halafu mwangalie jogoo upanga na ndevu: aliyeumizwa na baridi anaweza kukaa wiki kadhaa bila kutoa mbegu za maana.

Tangu Novemba hakuna hata yai. Nimebadilisha chakula mara mbili. Niko Winnipeg, Kanada.

Rudisha chakula cha kwanza. Kwetu Afrika Mashariki jua linachomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili mwaka mzima, ndiyo maana hakuna aliyekufundisha hili. Kuku anataka saa 14 hadi 16 za mwanga ndipo atage kwa mfululizo, na Winnipeg mwezi Desemba inakupa kama nane. Ukitaka, weka balbu ndogo ya mwanga, siyo ile ya joto, iwake alfajiri. Ukiiwasha jioni, siku itakapozimika ghafla itawaacha chini wakipapasa fito gizani.

Mimi siwashi. Atakayetaga Januari bila balbu, mwenyewe ananiambia nimwekee pete mguuni, alama kwamba huyo ni wa mbegu.

Nina kuku wekundu wa mayai, wanataga kila siku. Nataka kuwatotolesha nipate wengi kama wao.

Hutawapata. Hao ni chotara wa kampuni, na watoto wao watatoka kila mmoja na sura yake. Walionunua Kuroiler kule nyumbani wakajaribu kuwaendeleza wanalijua hili vizuri.

Mama yangu Singida ana kuchi wa ajabu. Nikimwomba aniletee mayai kumi kwenye begi?

Usithubutu. Nyumbani kuna mdondo, huku hawautaki, na mayai ya kutotolesha bila kibali yanakamatwa uwanja wa ndege. Isitoshe, tangu 2022 mafua ya ndege yameua mamilioni ya kuku Marekani, hakuna afisa atakayecheka na wewe. Na kuchi mwenyewe, upanga ni mdogo kweli, lakini miguu mirefu na manyoya haba vya kumpeleka wapi? Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ndiyo usiseme kabisa.

Nataka nianze kuchagua mbegu zangu mwenyewe. Nianzie wapi? Majike wangu wengi wana upanga wa msumeno.

Barua ya maana hatimaye. Usiwachinje. Tafuta jogoo wa upanga wa njegere aliyeurithi kwa baba na kwa mama. Watoto wote watatoka na upanga wa chini, kizazi kimoja tu. Ukija kuwapandisha hao wenyewe kwa wenyewe, mmoja kati ya wanne atarudi na msumeno, na huyo utamla.

Katikati ya Februari ingia bandani mchana, shika kila kuku mkononi. Papasa kidari: mfupa ukichoma kama kisu, huyo amevuka msimu kwa shida. Tazama ncha za upanga na vidole. Walio na nyama, ngozi nzima na macho makali wawekee pete. Chagua kwanza majike wa mwaka wa pili, maana tetea wa mwaka wa kwanza ameona baridi moja tu. Jogoo mmoja awatosha kumi. Kama mji wako unakataza majogoo, na mingi inakataza, elewana na mtu wa shamba aliye nje ya mji.

Mayai kusanya mara tatu au nne kwa siku. Lililopasuka kwa barafu halitotoi. Yaweke mahali pa baridi ya wastani, yasipitishe wiki. Ukiyaweka mashineni mwishoni mwa Machi, baada ya siku 21 una vifaranga, na matetea wataanza kutaga kabla giza la Oktoba halijawakuta.

Binti yangu amewafumia kuku masweta. Yanasaidia?

Vueni leo. Yanalaza manyoya ambayo kuku anayafutua ili ashike hewa ya joto, na yakilowa ndiyo kwanza yanamgandisha.