Muulize Mwalimu: Duka la wawili, ritifaa ngapi?

Shikamoo Mwalimu. Mimi na mdogo wangu tumefungua duka la ushonaji hapa Tanga, mtaji tumechanga sote wawili. Tunataka bango la Kiingereza kwa ajili ya wageni. Mchoraji ameandika "Asha's and Zuhura's Tailoring". Mwanangu wa kidato cha tatu anasema ritifaa ya kwanza, yaani ile alama ya ' kabla ya s, ifutwe. Mchoraji hataki, anasema kila mwenye mali lazima awe na alama yake. Tumsikilize nani? — Fundi cherehani, Tanga

Marahaba, mwanangu, na hongereni sana. Msikilizeni mtoto. Bango liandikwe "Asha and Zuhura's Tailoring", ritifaa moja tu, kwenye jina la mwisho.

Kiingereza kinawahesabu watu wenye mali ya pamoja kama mwenyewe mmoja, kwa hiyo alama inawatosha wote. Mkiweka mbili, mgeni ataelewa kwamba Asha ana biashara yake na Zuhura ana yake, mmepanga tu chumba kimoja.

Hoja ya mchoraji naielewa, lakini Kiswahili anachokiongea kila siku hakimuungi mkono. Ukisema "vitabu vya Juma na Asha", kwa kawaida tunaelewa ni vyao kwa pamoja. Ukisema "vitabu vya Juma na vya Asha", hapo umeshagawa, kila mtu na fungu lake. Kazi inayofanywa na "vya" ya pili ndiyo inayofanywa na ritifaa ya pili. Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi na hadi leo naumia nikiona watoto wanakaririshwa kanuni hii kama kitu kigeni kabisa, wakati wamekua nayo nyumbani.

Nilipokuwa darasani nilipenda kuwatolea mfano wa Gilbert na Sullivan, Waingereza waliotunga pamoja michezo ya kuimba 14 kati ya 1871 na 1896. Gilbert aliandika maneno, Sullivan akatia muziki. Kazi zile huwezi kuzigawa, huyu achukue saba na yule saba. Kila mchezo una mkono wa wote wawili. Ndiyo maana tunaandika "Gilbert and Sullivan's operas". Mozart na Beethoven, kwa upande mwingine, kila mmoja alitunga simfonia zake, kwa hiyo ni "Mozart's and Beethoven's symphonies".

Ugumu utakuja siku ukijitaja wewe mwenyewe, tuseme kwenye barua ya kuomba mkopo. "My sister and I's shop" utaisikia hata kwa Waingereza wenyewe, lakini usiiandike. Iliyo sahihi ni "my sister's and my shop", maana "my" haiwezi kuazima ritifaa ya jirani yake. Ni sahihi lakini nzito mdomoni, na tena haionyeshi wazi kama mali ni ya pamoja. Mtajeni mdogo wako mara moja mwanzoni mwa barua, kisha andikeni "our shop" hadi mwisho.

Mwalimu, shikamoo. Nipo mapokezi hotelini. Nilimwambia mgeni "our mother is sick", akaniuliza mimi na nani. Nilikosea wapi? — Msomaji, Unguja

Marahaba. Pole kwa kuuguza, Mungu amjalie mama afya.

Sisi tunasema "mama yetu" hata ndugu zetu wakiwa mbali, kwa sababu kusema "wangu" kunaweza kusikika kama umewatoa wenzako kwenye tumbo moja. Mwingereza akisikia "our" anataka kwanza awajue hao wengine. Kwake "my mother" haina uchoyo wowote. Inataja uhusiano tu, kama "my teacher" ya mwanafunzi aliye kwenye darasa la watoto sitini. Kwa mgeni sema "my mother" bila wasiwasi, hujamnyang'anya ndugu yako kitu. Na usidhani "yetu" ya kifamilia ni ya kwetu peke yetu: kaskazini mwa Uingereza mtu humwita ndugu yake "our kid", hata kama msemaji ni yeye mmoja tu.

Fulana zetu za Machi 8 zimeandikwa "Womens' Day". Ni sawa? — Katibu wa kikundi, Dodoma

Si sawa. "Women" tayari ni wengi bila s, kwa hiyo ritifaa inatangulia s: "Women's Day". Usichanganye na "Mother's Day", ambayo ni ya umoja kwa makusudi. Anna Jarvis, Mmarekani aliyeianzisha mwaka 1908, alisisitiza iandikwe hivyo ili kila familia imuenzi mama yake yenyewe, si akina mama wote kwa jumla. Machi 8 ni ya wanawake wote. Kama fulana hazijachapwa zote, mwambieni mchapaji abadilishe leo.