Dhoruba ya majira ya baridi: namna ya kuifuatilia bila kukeshea ramani

Kila ikifika Novemba, Waswahili wenzangu tulioko huku Uskoti huanza kuniuliza swali lilelile: "Nimerushiwa ramani WhatsApp, wanasema wiki ijayo kuna dhoruba ya kutisha. Ni kweli?" Ramani yenyewe kwa kawaida haikughushiwa. Imetoka kwenye modeli, yaani programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, ya Wamarekani iitwayo GFS, ambayo hutoa utabiri mpya mara nne kwa siku na huenda mbele hadi saa 384, yaani siku 16. Kinachotokea ni kwamba mtu amelipata toleo moja baya kuliko mengine yote, akalirusha kwenye makundi. Toleo linalofuata, saa sita baadaye, dhoruba haipo tena. Hilo halirushwi na mtu.

Mimi si mtaalamu, ni mpenzi tu wa hali ya hewa. Nimekulia Tanga, ambako Kusi na Kaskazi zina msimu wake na wavuvi wanazijua kuliko redio. Huku pwani ya Ayrshire upepo hauna adabu hiyo, kwa hiyo nikalazimika kujifunza upya. Haya ndiyo ninayomwambia yeyote anayetaka kuanza.

Siku kumi kabla, usiitafute dhoruba. Tazama Marekani. Dhoruba hizi si ndugu wa Hidaya, kile kimbunga kilichoijia pwani ya Tanzania Mei 2024. Kimbunga cha tropiki kinaishi kwa joto la bahari. Dhoruba ya majira ya baridi inaishi kwa tofauti ya joto: hewa ya barafu kutoka kaskazini ikikabiliana na hewa ya uvuguvugu kutoka kusini, huku juu, kwenye kimo zinakopita ndege kubwa, mkondo wa upepo mkali ukizidi kupata kasi. Januari 2025 baridi ilishuka Marekani mpaka Ghuba ya Mexico, na tarehe 21 watu wa New Orleans wakacheza na theluji mitaani. Wengi walicheka video zile. Sisi tunaofuatilia tulianza kukaa mkao wa kula, maana baridi ile ilikuwa inamwagikia Atlantiki. Siku hiyohiyo dhoruba ikapewa jina, Éowyn. Alfajiri ya tarehe 24, kituo cha Mace Head huko Galway kilipima pigo la upepo la kilometa 183 kwa saa, likavunja rekodi ya Ireland iliyokuwa imesimama tangu 1945.

Zikibaki siku tano hivi, achana na ramani moja moja. Kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, huendesha modeli yake mara 51 kwa wakati mmoja, kila mara kwa kuanzia na tofauti ndogo ndogo, kwa sababu hakuna anayejua hali ya anga ya leo kikamilifu. Matokeo yake huchorwa pamoja. Ukiona sehemu kubwa ya mistari inaelekea kwenye dhoruba, anza kusikiliza. Ikiwa ni michache tu, endelea na kazi zako, ila chungulia tena kesho. Kuna kitu kingine ninachokipenda zaidi ya idadi: je, makadirio ya leo yanasogea upande uleule yaliosogea jana? Modeli zikiyumba huku na huku, bado hazijaamua. Zikisogea hatua kwa hatua upande mmoja, hapo pana habari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wengi hawalitazami: njia. Kila mtu anauliza mgandamizo wa hewa katikati ya dhoruba utashuka hadi wapi, kana kwamba hiyo ndiyo alama ya mtihani. Ni kweli kwamba mgandamizo ukishuka hektopaskali 24 ndani ya saa 24, dhoruba inakua kwa kasi ya kuogopesha, na Éowyn iliupita mpaka huo kwa mbali. Lakini upepo hautoki kwenye namba ya katikati. Unatoka kwenye tofauti ya mgandamizo kati ya sehemu na sehemu, ndiyo maana kwenye ramani tunatazama mistari inayounganisha sehemu zenye mgandamizo sawa, ilivyobanana. Na kwa dhoruba zinazotoka Atlantiki kuelekea mashariki, mara nyingi mistari hubanana zaidi upande wa kusini wa kitovu. Kitovu kikipita juu ya kichwa chako, unaweza kupata mvua na utulivu wa ajabu. Kikipita kaskazini yako kidogo, ndipo mapaa yanapong'oka. Umbali wa kilometa mia moja tu unaweza kuamua nani alale na nani akeshe, na kosa la kilometa mia moja katika utabiri wa siku nne si aibu kwa modeli yoyote.

Wenye macho makali hutazama pia picha za setilaiti wakitafuta wingu lililojikunja kama mkia wa nge nyuma ya kitovu. Karibu na ncha yake, hewa baridi kutoka juu inaweza kushuka ghafla na kuleta upepo mkali kuliko kwingine kote, kwenye eneo dogo, kwa saa chache. Ndivyo ilivyokuwa kusini mwa Uingereza usiku wa kuamkia 16 Oktoba 1987, ingawa maelezo hayo yalipatikana miaka mingi baadaye. Miti takriban milioni 15 ilianguka usiku ule.

Neno kuhusu kasi. Upepo wa wastani na pigo la ghafla ni vitu viwili. Ukisoma namba, hakikisha unasoma ipi. Uulize pia imepimwa wapi. Februari 2022 dhoruba Eunice ilitoa pigo la kilometa 196 kwa saa pale Needles, Kisiwa cha Wight, rekodi ya England. Needles ni mwamba uliochomoza baharini. Usichukue namba ile ukaipeleka kwenye mtaa wako ulio katikati ya majumba. Kwa upande mwingine, usidharau nyongeza ndogo: nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo kutoka kilometa 100 hadi 140 kwa saa, msukumo kwenye ukuta wako unakaribia kuwa maradufu.

Saa 24 za mwisho mimi ramani za modeli huwa nazifunga. Natazama vipimo halisi: maboya ya magharibi mwa Ireland, hasa lile la M6 lililoko mbali baharini, kisha vituo vya Belmullet na Mace Head. Kinachowapata wao kwa kawaida kinanijia mimi baadaye. Nyumbani nina barometa ya mshale, ya kizamani, kuukuu kabisa, naigonga kioo kwa kidole kila nikipita koridoni. Katika utabiri wa mabaharia unaosomwa redioni, mgandamizo ukishuka zaidi ya hektopaskali 6 kwa saa tatu husemwa unashuka kwa kasi sana. Ukiona mshale wa ukutani kwako unafanya hivyo, gari lisiwe chini ya mti.

Na hapa ndipo ninapowaudhi baadhi ya mashabiki wenzangu. Tahadhari rasmi ikishatoka, ubishi wa ramani uishe. Rangi zake hazitegemei kasi ya upepo peke yake. Zinapima uwezekano na madhara kwa pamoja. Kwa waliozoea Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ni ngazi zilezile tatu: angalizo la njano, tahadhari ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu. Saa ya siku nayo ina uzito. Dhoruba ya 1987 ilipiga usiku watu wamelala, ikaua watu 18 Uingereza. Ile ya 25 Januari 1990 ilitabiriwa vizuri zaidi, lakini ikapiga mchana watu wakiwa barabarani na shuleni, wakafa 47. Kwa hiyo ukisoma tahadhari, tazama inaanza saa ngapi kabla hujatazama rangi.

Jioni ya kabla ya Éowyn, simu zilipiga king'ora kwa wakati mmoja. Ujumbe wa serikali ulikwenda kwa watu wapatao milioni 4.5 Uskoti na Ireland ya Kaskazini. Mama mkubwa alikuwa hewani kutoka Tanga, akasikia mlio, akadhani nyumba inaungua. Kesho yake tahadhari nyekundu ilianza saa nne asubuhi, na treni zote za Uskoti zilikuwa zimesimamishwa. Mwajiri akikung'ang'aniza utoke siku ya namna hiyo, mtumie tahadhari yenyewe kwa maandishi na umuombe akujibu kwa maandishi.

Maandalizi hayana mambo mengi. Pipa la taka lenye magurudumu liingize ndani au ulilaze chini. Likiachwa wima litakutangulia hadi barabara kuu. Trampolini ya watoto ifunguliwe mchana, si usiku kwa tochi. Chaji simu na pawabenki, jaza themosi chai, pika wali mapema kama jiko lako ni la umeme. Wengi hawajui kwamba hata boila ya gesi haiwaki bila umeme, kwa hiyo blanketi ziwe karibu. Hapa Britania namba ya kuripoti kukatika kwa umeme ni 105, bure. Upepo ukitulia ghafla, usikimbilie nje kupiga picha mawimbi: huenda ni kitovu kinapita, na utarudi ukitokea upande mwingine, magharibi au kaskazini-magharibi, kwenye miti ambayo mizizi yake imeshalegezwa na upepo wa kwanza.