Nimebakiza C1 na C2, kazi hainipi nafasi ya kusoma

SWALI

Dada shikamoo. Mi ni mhasibu hapa Kigoma mjini, kampuni yetu inanunua dagaa na mawese inauza ng'ambo ya ziwa, Burundi na Kongo, na wahasibu tuko wawili tu afu mwenzangu ndo kwanza ana miezi mitano kazini. Ngazi ya mwisho ya CPA, ile mitihani ya uhasibu wa kitaalamu, masomo ya C3 na C4 nilifaulu mara ya kwanza tu, ila C1 ya taarifa za fedha na C2 ya ukaguzi nimerudia mara mbili na zote sikupata. Natoka ofisini saa mbili usiku, mwisho wa mwezi hata saa nne, nikifika nyumbani Gungu mtoto ana miaka miwili ananing'ang'ania, nikishamlaza nafungua kitabu na mimi nalala hapohapo taa inawaka mpaka asubuhi. Jumapili bosi anapiga simu anataka salio la mteja. Mei hii nilijisajili yote mawili, nikaomba likizo wiki moja nikaambiwa wakaguzi wapo, nikapewa siku za mtihani tu. Mama anasema niache kazi niende Dar nikasome miezi sita, mume anasema niachane na CPA kwani mshahara si unaingia. Nishike la nani?

Mama Junior, Gungu, Kigoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hiyo ya kulala juu ya kitabu taa inawaka naijua, na naomba usiichukulie kama uvivu maana wengi mnajilaumu hapo, mtu ameshika hesabu za watu masaa kumi na mbili kichwa kimeisha, sasa unataka saa nne usiku kikae na mizania ya kampuni tanzu, hakiwezi.

La mama na la mume yote mawili mi siyakubali. Kuacha kazi usiache. Kwanza hata ukimaliza masomo yote, ili usajiliwe CPA kamili bodi inataka uzoefu wa kazi, pili hayo masomo mawili uliyobakiza ndo yale ambayo kazi yako inayafundisha kila siku, we hujayaona tu kwasababu unayafanya mbiombio. Nitarudi hapo.

Kwanza tuongee kalenda, maana naona ulipokosea ni hapo. NBAA, yaani hiyo bodi ya wahasibu, wanatoa mitihani mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Kampuni yako nadhani inafunga mwaka Desemba 31 kama kampuni nyingi za biashara, maana yake Januari mnafunga vitabu, Februari mpaka Aprili wakaguzi wamekaa mezani kwako, Machi 31 makadirio ya kodi, na Juni 30 ritani ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa ziwe zimefika TRA. Sasa we umejisajili masomo mawili mazito Mei, ukaomba likizo kipindi ambacho kampuni haiwezi kukuachia hata ingetaka. Simtetei bosi, kukupigia Jumapili sio sawa. Lakini hata angekuwa bosi mwema kuliko wote ungegonga ukuta.

Kwahiyo Novemba chukua C1 peke yake. Somo moja. Najua unaona kama unarudi nyuma, ila ukibeba mawili ukakosa yote umepoteza mwaka, ukibeba moja ukapita umebakiza moja.

Muda wa kusoma usiutafute usiku. Mimi nilifeli ukaguzi mara mbili, enzi hizo nafanya kazi Tabora kwenye kampuni moja ya usafirishaji, nilikuwa nasoma saa tano usiku mpaka saa saba na asubuhi sikumbuki hata kichwa cha habari. Nilichobadilisha ni kimoja, nikawa nalala saa tatu na nusu pamoja na mtoto, naamka saa kumi, nasoma mpaka saa kumi na moja na nusu, ndo naanza kuwasha jiko. Hiyo saa moja na nusu ya asubuhi ilinipa kuliko yale masaa mawili ya usiku. Piga hesabu mwenyewe: saa moja na nusu siku tano ni masaa saba na nusu, weka masaa manne ya Jumamosi mtoto akiwa kwa bibi yake, unapata kumi na moja na nusu kwa wiki. Katikati ya Julai mpaka mwisho wa Oktoba ni wiki kumi na tano, toa zile za kufunga mwezi ambazo hutasoma kitu, bado unabaki na masaa 130 na ushee kwa somo moja. Yanatosha kabisa. Na mwezi wenyewe una mwanya, PAYE, kodi ya mishahara, inaisha tarehe 7, VAT tarehe 20, kwahiyo kuanzia 21 mpaka kama 27 ofisi inapumua kidogo, mada ngumu ziweke wiki hiyo.

Sasa kazi yako kama darasa. Mteja wa Kalemie anakulipa dola, si ndio? Basi tuseme mmemuuzia mzigo wa dola 10,000 tarehe 10 Desemba dola ikiwa 2,500, umeandika mauzo 25,000,000. Desemba 31 hajalipa na dola imeshuka 2,450, deni lake sasa unalionyesha 24,500,000 na ile laki tano ni hasara ya mwaka huu. Januari analipa dola ikiwa 2,480, unapokea 24,800,000, laki tatu ni faida ya mwaka mpya, na yale mauzo ya 25,000,000 huyagusi kabisa. Hiyo ndo IAS 21, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu fedha za kigeni, swali linalokuja mtihanini limevaa majina ya kizungu unaliogopa, kumbe umelifanya ofisini mara mia. Dagaa walionyeshewa mvua stoo bei ikaanguka chini ya mlivyonunua, hiyo ni IAS 2, kiwango cha mali iliyoko stoo, unawashusha mpaka bei utakayouzia ukitoa gharama za kuwauza. Michikichi nayo, kama kampuni ina shamba lake: mti wenyewe tangu Januari 2016 unahesabiwa kama mali ya kudumu chini ya IAS 16, chikichi zikiwa bado juu ya mti ziko IAS 41 ya kilimo, zikishavunwa zinaingia stoo kwa IAS 2. Watu wanakariri hii bila kuwahi kuuona mchikichi, wewe ukitoka tu nje ya mji unaviona viwango vyote vitatu vimesimama pamoja.

Na ule mzigo uliopakiwa Kibirizi jioni ya Desemba 31, boti iko katikati ya ziwa saa sita usiku, ni wa nani? Wenu au wa mteja? Jibu liko kwenye makubaliano yenu, udhibiti wa mzigo umehamia kwake lini, hapo uko IFRS 15, kiwango cha mapato, na wakati huohuo uko C2 kwa sababu mkaguzi atakuja kuuliza swali hilohilo. Kila ukikutana na muamala wa namna hii andika nusu ukurasa kwenye daftari, kilichotokea, kiwango gani kinahusika, leja zimeingiaje. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki, uone Oktoba daftari litakuwa na nini.

Na ndo maana C2 nakwambia ichukue Mei inayofuata, hapo najua nageuza kauli yangu ya kalenda lakini ukaguzi ni tofauti, wakaguzi wakiwa ofisini ndo una walimu bure. Wakituma barua kwa wateja kuthibitisha madeni hiyo ni ISA 505, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, wakisimama stoo kuangalia mnavyohesabu hiyo ni ISA 501, usiwape tu nyaraka ukarudi mezani, waulize kwanini wamechagua ankara hizi na sio zile. Vijana wa ukaguzi wengi nao wanasoma CPA, wataongea.

Kitu kingine ambacho wahasibu tunakisahau, mtihani unaandika kwa mkono masaa matatu. Sisi tunashinda kwenye Excel, inajumlisha yenyewe, mkono umesahau kalamu. Kuanzia Septemba kila Jumamosi fanya mtihani mmoja wa nyuma, kalamu na kikokotoo, simu zima, saa ikifika weka chini hata kama hujamaliza. Naamini nusu ya waliokosa C1 walijua majibu ila walifika swali la mwisho zimebaki dakika kumi.

Bosi mwandikie barua sasa hivi, sio Oktoba. Sheria ya ajira inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka ila mwajiri ndo anapanga lini, kwahiyo omba mapema siku kumi kabla ya mtihani na kwenye barua hiyohiyo onyesha nani atashika nini. Huyo mwenzako mpya mfundishe usuluhisho wa benki na ritani ya VAT kuanzia mwezi huu, akifika Oktoba awe anafanya mwenyewe, we unakagua tu. Salio za wateja mtumie bosi kila Ijumaa jioni kabla hajauliza, simu za Jumapili zitapungua sana.

Mumeo usimuombe aiamini CPA, muombe kitu kimoja kidogo: mtoto akiamka kabla ya saa kumi na moja na nusu, amshike yeye.

SWALI

Mi niko idara ya fedha halmashauri, huku Kasulu. Nataka kuanza C1 na C2 pia, Mei au Novemba?

Mtumishi, Kasulu

JIBU

Kwako kaka ni kinyume cha Mama Junior. Mwaka wenu unafungwa Juni 30, hesabu zifike kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndani ya miezi mitatu, Septemba 30, yaani Julai mpaka Septemba hulali, na Novemba wakaguzi wake wako kwenu wanaomba hati za malipo. Chukua Mei, anza kusoma Januari, na somo moja moja hivyohivyo. Ila Mei ikiisha usikae kupumzika sana, Juni watu wote wanataka walipwe kabla mwaka haujafungwa, na likizo yako utakuwa umeshaitumia.