Jibu: Nifundisheje ramani darasa la nne bila watoto kukariri tu?

Mwalimu mwenzangu, umesema watoto wako hapo Mwanza wanataja dira yote bila kukosea, lakini ukiwauliza Ukerewe iko upande gani wanaangaliana. Weka kando kwanza ile ramani ya dunia ya ukutani. Watoe nje asubuhi, jua likichomoza, wanyooshe mikono: Magu mashariki, Sengerema magharibi, Misungwi kusini, Ukerewe kaskazini. Si sawasawa kwa nyuzi, ila kwa umri wao inatosha kabisa.

Kisha wachore darasa lenyewe, hatua moja iwe sentimita moja. Hapo ndipo skeli inapoingia kichwani, wala usiharakishe. Wakishazoea, wape Daraja la Kigongo–Busisi, lile linalokatiza Ziwa Victoria. Lina urefu wa takriban kilomita 3. Kwenye ramani ya 1:50,000, yaani sentimita moja kwa nusu kilomita, linakuwa sentimita 6, wapime kwa rula. Wengi wameshalipita, kwa hiyo swali halitakuwa la kinadharia.

Upepo nao usiufundishe kwa mchoro peke yake. Darasani kwako hakosi mtoto wa mvuvi. Muulize mchana upepo unavuma kutoka wapi na usiku kutoka wapi. Atakwambia mchana unatoka ziwani, usiku unatoka nchi kavu. Kazi yako ibaki kueleza sababu: nchi kavu hupata joto haraka na kupoa haraka kuliko maji.

Mito ya Kagera na Mara kuingia ziwani, na Nile kutokea Jinja, hayo kipindi kimoja kinatosha.